Je, Wajua? Kamongo, Twiga na Dawa ya Kuonyesha Mishipa

Safari hii tumeingia Mkoa wa Mara, kuanzia mafunjo ya Mto Mara upande wa Butiama, tukapita lango la Ndabaka wilayani Bunda, hadi kwenye chumba cha CT mjini Musoma. Tunafuata jambo moja tu: nani anaiamuru damu iende wapi, kwa kasi gani na kwa presha kiasi gani. Moyo husukuma, lakini amri hutoka kwenye neva. Tutaitazama pia ile dawa anayochomwa mgonjwa kabla ya picha, maana wengi huiogopa bila kuambiwa inafanya nini mwilini, na mimi naona wana haki ya kuambiwa.

Kamongo hubadili njia ya damu kila anapomeza hewa

Aliyewahi kutega ndoano kwenye mafunjo karibu na Daraja la Kirumi la Mto Mara anamjua kamongo: samaki mrefu, mapezi yake membamba yananing'inia, na taya zake zinaweza kukata kidole. Anajua pia kwamba kamongo akinaswa chini asiweze kupanda, hufa kwa kukosa hewa. Ndiyo, ni samaki anayeweza kufa maji. Ana matamvua, lakini akishakuwa mkubwa sehemu kubwa mno ya oksijeni yake huipata kwa mapafu.

Ukikaa kimya kando ya maji yaliyotulia utamwona akifika juu. Pua inachomoza, mdomo unafunguka, koo linatanuka, hewa inamezwa, kisha anazama na viputo vichache vinabaki. Ni sekunde chache tu. Kazi kubwa inafanyika ndani asikoonekana. Mara tu hewa inapoingia, mapigo ya moyo huongezeka, mshipa unaopeleka damu mapafuni, ambao ulikuwa umebana, hulegea, na damu humiminika huko kuchukua oksijeni. Dakika zinavyopita na hewa ile kuchoka, mshipa hubana tena, na damu hupitishwa njia ya pembeni bila kufika mapafuni. Kwenye shina la mshipa huo kuna misuli inayopokea amri ya neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Sisi binadamu tunayo hiyo hiyo.

Haya yalijulikanaje? Kwa dawa ya kuonyesha mishipa. Mwaka 1968 Kjell Johansen, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Norwei, pamoja na mwenzake Hol, walichapisha uchunguzi wa sinema ya eksirei wa samaki aitwaye kwa jina la kisayansi Protopterus aethiopicus. Huyo ndiye kamongo wetu wa Ziwa Victoria. Walimdunga dawa inayozuia mionzi ili damu ionekane kwenye filamu, kisha wakaifuata ikiingia na kutoka moyoni.

Moyo wa kamongo haujagawanyika kikamilifu kama wetu, kwa hiyo ungetarajia damu safi ya mapafuni na damu chafu ya mwilini vichanganyike humo ndani. Filamu ilionyesha vingine. Damu iliyotoka mapafuni ilielekea zaidi kwenye matao ya mishipa ya mbele, yasiyo na matamvua, ikaenda moja kwa moja kichwani na mwilini. Ile iliyochoka ilielekezwa kwenye matao ya nyuma, yenye matamvua, na kutoka hapo ikaenda mapafuni. Utenganisho huo ulikuwa bora zaidi muda mfupi baada ya samaki kuvuta pumzi. Samaki ambaye wengi humwona mzito na mvivu ana mpangilio wa damu ambao wahandisi wa maji wangeusoma kwa makini.

Aliyemfuata kamongo ndiye aliyepima damu ya figo

Mwaka 1928 Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo wa Chuo Kikuu cha New York, alikuja Afrika kumtafuta samaki huyu. Alitaka kujua inakuwaje kamongo aliyejizika kwenye tope wakati wa ukame akae miezi bila kukojoa na asife kwa sumu ya mwili wake mwenyewe. Aligundua kwamba taka za protini huhifadhiwa damuni kama yurea mpaka mvua irudi. Mwaka 1932 alitoa kitabu na kukiita Kamongo, jina lile lile la huku kwetu.

Miaka 10 baada ya safari hiyo, mwaka 1938, Smith na wenzake William Goldring na Herbert Chasis walichapisha njia ya kupima damu inayopita kwenye figo za mtu aliye hai bila kumpasua. Walitumia Diodrast, dawa yenye aiodini iliyotengenezwa kwa ajili ya picha za eksirei za njia ya mkojo. Figo huiondoa karibu yote kwenye damu kwa mpito mmoja. Ukijua kiasi kilichomo kwenye damu na kiasi kilichotoka kwenye mkojo kwa dakika, hesabu inakupa wingi wa damu iliyopita.

Jibu lake bado hunishangaza. Figo mbili, ambazo kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, hupitisha lita moja na zaidi ya damu kila dakika. Hiyo ni kati ya sehemu ya tano na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Na mgawo huo una mwenye kuushika: mtu akitishwa, akipoteza damu au akikimbia, neva hubana mishipa ya figo, na damu ile huelekezwa kwenye moyo, ubongo na misuli. Hofu hugusa hata figo.

Twiga wa Ndabaka hunywa maji bila kuzimia

Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na abiria akibahatika huona wanyama akiwa dirishani mwa basi. Akimwona twiga, ajue anamtazama mnyama mwenye presha ambayo kwa binadamu ingempeleka wodini siku hiyo hiyo. Presha ya mtu mzima mwenye afya ni kama 120 kwa 80. Ya twiga, kwenye usawa wa moyo, hufika 200 na kupita.

Sababu ni kimo. Kutoka moyoni hadi ubongoni mwa twiga mkubwa ni kama mita 2, na kuipandisha damu kimo hicho peke yake hula presha ya kama 150. Kinachobaki kikifika kichwani kinakaribia kile cha wanyama wengine. Watu hudhani kwa hiyo twiga ana moyo mkubwa kupita kiasi. Sivyo. Ukilinganisha na uzito wa mwili, moyo wake ni wa kawaida. Ila ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene mno.

Taabu inakuja anapokunywa. Anatanua miguu ya mbele, anainama, na kichwa kilichokuwa mita 4 au 5 juu kinafika usawa wa kwato, chini kabisa ya moyo. Damu ingepaswa kumiminika ubongoni kwa nguvu ya kupasua vimishipa, na anapoinuka ghafla ingepaswa kumtoka kichwani mpaka aanguke. Haanguki. Vena kubwa za shingo zina vali zinazozuia damu kurudi kichwani akiwa ameinama. Chini ya ubongo kuna mtandao wa vimishipa vidogo ambao ateri hupitia kwanza. Akiinua kichwa, vitambuzi vya presha kwenye mishipa mikubwa hutuma habari kwenye shina la ubongo, na neva hubana mishipa ya mwili na kuharakisha moyo. Miguuni, ambako presha ingekuwa kubwa kuliko kote, ngozi ni ngumu na imekaza, hivyo miguu haivimbi.

Mwaka 1966 jarida la Science lilichapisha vipimo vya presha vya twiga wa porini, vilivyochukuliwa kwa kifaa kilichotuma taarifa kwa redio mnyama akiwa huru. Kabla ya hapo, karne mbili na zaidi nyuma, mwaka 1733, kasisi Mwingereza Stephen Hales alichapisha jaribio la kuchomeka bomba la kioo kwenye mshipa wa farasi, na damu ikapanda kama mita 2 na nusu. Presha ya twiga ingeipandisha juu zaidi ya hapo.



Anayezimia mstarini asiinuliwe

Sisi hatuna shingo ya mita 2, lakini kila tunaposimama nusu lita ya damu na zaidi hushuka miguuni na tumboni. Vitambuzi vilivyo shingoni, chini kidogo ya pembe ya taya, na vingine kwenye ateri kuu kifuani, huhisi mishipa imelegea na kutoa taarifa. Jibu huanza ndani ya pigo moja au mawili ya moyo. Ndiyo maana hujui hata kama kuna kitu kimetokea.

Mwanafunzi aliyesimama mstarini muda mrefu juani, bila kusogeza miguu na bila kunywa chai asubuhi, hufika mahali mpango huo ukashindwa. Ghafla amri hugeuka: vagasi hupunguza mapigo, mishipa hulegea, uso hupauka, jasho jembamba humtoka, naye huanguka. Kuanguka kwenyewe ndiko kunakomponya, kwa sababu kichwa na moyo sasa viko usawa mmoja. Wanaomzunguka hukimbilia kumwinua na kumkalisha, na hapo wanaunyima ubongo wake damu kwa mara ya pili. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Asipozinduka haraka, au akiwa amezimia akifanya mazoezi, au akiwa na maumivu ya kifua, apelekwe hospitali.

Jipime vagasi yako sasa hivi

Weka vidole viwili kwenye mkono, chini ya kidole gumba, hadi usikie mapigo. Vuta pumzi taratibu, ndefu, kisha itoe taratibu. Kwa wengi, hasa vijana, mapigo huharakisha kidogo wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa. Huo si ugonjwa, ni vagasi ikilegeza na kukaza. Moyo ulioachwa bila neva yoyote, kama ule uliopandikizwa kwa mgonjwa, hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Vagasi ni breki inayoushusha hadi 70 au 60. Mabadiliko hayo hupungua umri unavyokwenda, na kisukari cha muda mrefu huweza kuyafuta kabisa kwa kuharibu neva.

Kwamba neva huongea na moyo kwa kutumia kemikali kulithibitishwa mwaka 1921 mjini Graz, Austria. Mwanasayansi Otto Loewi aliamsha vagasi ya moyo wa chura hadi ukapunguza mwendo, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyamimina kwenye moyo wa pili usioguswa. Nao ukapunguza mwendo.

Mama anayehisi miguu ikipata joto kabla ya kufa ganzi

Wanawake wengi waliojifungua kwa upasuaji wanaijua sindano ya mgongo. Muulize aliyechomwa, atakwambia kwamba kabla miguu haijawa mizito ilipata joto. Joto hilo lina maana yake. Dawa ya ganzi huzizima kwanza neva nyembamba, zikiwemo zile zinazobana mishipa ya damu. Mishipa ya miguu inatanuka, damu yenye joto inajaa huko, na presha inashuka. Mama anaweza kuhisi kichefuchefu na kizunguzungu ghafla. Ndiyo sababu mtaalamu wa usingizi hupima presha kila baada ya dakika moja au mbili, humwinamisha mama kidogo upande wa kushoto ili mji wa mimba usigandamize vena kubwa, huharakisha dripu, na huwa na dawa ya kubana mishipa karibu. Ukihisi kichefuchefu pale mezani, sema mara moja. Kwa mtaalamu mara nyingi ni dalili ya presha kushuka.

Mfaransa Claude Bernard aliliona jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1850 kwa sungura: alikata neva ya upande mmoja wa shingo, na sikio la upande huo likawa jekundu na la moto kuliko lingine.

Presha ya kawaida inaweza kudanganya

Kijana ameanguka na bodaboda kati ya Bunda na Musoma. Anaongea, presha yake inasoma 115 kwa 80, ndugu wanashukuru Mungu na wanataka kumrudisha nyumbani. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5, na kijana mwenye afya anaweza kupoteza lita moja ndani ya tumbo bila presha ya juu kushuka. Neva zake zinabana mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo ili kuulinda ubongo. Kinachosema kweli mapema ni mapigo yanayokwenda mbio, viganja baridi, midomo iliyopauka, kiu, wasiwasi na mkojo kidogo. Zikishindwa neva, presha huporomoka kwa ghafla, na muda wa kumwokoa unakuwa mfupi sana. Kijana wa namna hii asiondolewe hospitali kwa sababu tu namba za kwenye kipimo ni nzuri.

Sumu ya mshale iliyoonjwa kwenye mswaki

Amri za neva huguswa hata na sumu. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa kwenye msafara wa mpelelezi Livingstone wa Mto Zambezi ulioanza mwaka 1858. Alikusanya sampuli za sumu ya mishale iitwayo kombe, na mswaki wake ukagusana nayo ndani ya mizigo. Alipopiga mswaki aliona uchungu mdomoni, na mapigo yake yakapungua. Sampuli zilifika Edinburgh, ambako mwanasayansi Thomas Fraser alichambua sumu hiyo na kupata dawa ya moyo.

Ndugu yake wa Afrika Mashariki ni uabaini, inayotoka kwenye mti wa msunguti ambao Wakamba na Waliangulu wa Kenya waliutumia kuwindia hata tembo. Sumu hizi huzuia pampu ya chumvi kwenye seli za moyo, na pia huiongezea nguvu vagasi. Kwa kiasi kidogo sana moyo hupiga polepole na kwa nguvu. Zaidi kidogo, husimama. Kuna hata panya mkubwa mwenye manyoya marefu, anayeishi Kenya na nchi jirani, anayetafuna gamba la mti huo na kupaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, hujuta au hufa. Uchunguzi wa panya huyo ulichapishwa mwaka 2012, na miongoni mwa waandishi wake alikuwa Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora.

Lile joto la dawa ya CT

Sasa tuingie chumba cha picha. Miaka ya karibuni Serikali imesambaza mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na watu ambao zamani wangelazimika kwenda Bugando, Mwanza, sasa wanazungumzia CT karibu na kwao. Mgonjwa amelala chali, kanula iko kwenye mshipa wa mkono, mikono imeinuliwa juu ya kichwa. Mtaalamu anatoka, anasema kwa kipaza sauti, "Utasikia joto, usitikisike." Pampu inasukuma mililita 3 au 4 kwa sekunde. Ndani ya sekunde 20 hivi koo linapata joto, ladha ya chuma inaingia mdomoni, joto linashuka kifuani na tumboni, na likifika nyongani mgonjwa anaamini kabisa kwamba amejikojolea. Hajajikojolea. Dakika moja baadaye yote yamepita.

Dawa hiyo ni maji yenye molekuli za aiodini, atomu nzito inayozuia mionzi, na hivyo mishipa huonekana myeupe kwenye picha. Chembe zake zimesongamana kuliko za damu, na hapo ndipo mambo huanza. Maji huvutwa kutoka kwenye seli na tishu kuingia kwenye mshipa, ujazo wa damu huongezeka kwa muda, kuta za mishipa midogo hulegea, ngozi hupata damu nyingi. Hilo ndilo joto. Presha hushuka kidogo, vitambuzi vya shingoni huona, neva huharakisha moyo, na mambo hurudi sawa. Ni mpango ule ule wa twiga anayeinua kichwa na wa mwanafunzi anayesimama mstarini.

Daktari akipeleka dawa moja kwa moja kwenye mishipa ya moyo wenyewe, kama inavyofanyika kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mapigo yanaweza kupungua ghafla kwa sekunde chache kupitia vagasi. Kuna mbinu ya zamani na rahisi: mgonjwa huambiwa akohoe. Kikohozi husukuma dawa ipite na damu iendelee.

Ipo tofauti moja ambayo kila anayefanya kazi chumba hicho huishika kichwani. Mgonjwa akilegea baada ya dawa na presha ikashuka, wanashika mapigo. Yakiwa ya polepole, chini ya 60, na ngozi ni baridi yenye jasho, ni vagasi: miguu juu, dripu, na dawa ya atropini ikihitajika. Yakiwa ya mbio, pamoja na vipele vya kuwasha, kifua kubana au midomo kuvimba, ni mzio mkali: adrenalini kwenye msuli wa paja, bila kuchelewa. Lakini mgonjwa wa presha anayetumia dawa kama atenololi au propranololi anaweza kuwa na mzio mkali na mapigo yasiende mbio, kwa sababu dawa yake imezuia amri hiyo, na adrenalini inaweza isifanye kazi vizuri. Basi ukiulizwa unatumia dawa gani nyumbani, taja zote kwa majina, au beba pakiti zake.

Macho ya muogeleaji yalibadilisha dawa

Dawa za zamani zilikuwa kali. Uzito wa chumvi wa damu, kwa kipimo cha maabara, ni kama 290. Wa dawa zile ulifika 1,500 na zaidi. Zikiingizwa kwenye ateri ya mguu au ya shingo, mgonjwa alipiga kelele kwa maumivu. Wenye selimundu walikuwa na sababu zaidi ya kuogopa, kwa kuwa seli nyekundu zikinyonywa maji hujikunja.

Msweden Torsten Almén, daktari kijana wa picha, aliona alipokuwa akiogelea kwamba akifumbua macho kwenye maji ya chumvi nyingi ya pwani ya magharibi ya nchi yake yalimchoma, lakini kwenye maji yenye chumvi hafifu ya Bahari ya Baltiki hayakuchoma. Akajiuliza: kama jicho linaumizwa na chumvi iliyozidi ile ya machozi, mshipa je? Alibuni molekuli ambazo hazigawanyiki zikiingia majini, hivyo zikabeba aiodini ile ile kwa chembe chache. Wazo lake lilichapishwa mwaka 1969, na kampuni ya Nyegaard ya Oslo ndiyo iliyokubali kulifanyia kazi. Matunda yake ni pamoja na aioheksoli, iliyoingia sokoni mwaka 1982 na ambayo leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Uzito wake, kwa nguvu zinazotumika sana kwenye CT, ni kati ya 600 na 850 hivi.

Manufaa yalipimwa. Uchunguzi mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 1990, ukihusu wagonjwa zaidi ya 337,000, ulikuta madhara makali kwa watu 22 katika kila 10,000 waliopewa dawa za aina ya zamani, na 4 katika kila 10,000 waliopewa mpya. Nikisoma namba hizo nafikiria watu halisi waliorudi nyumbani kwao kwa sababu mtu mmoja aliyachunguza macho yake.

Kula sato na sangara hakukuzuii kupigwa CT

Hili linahusu Musoma kuliko mji mwingine wowote ninaoujua, maana pale samaki ni chakula cha kila siku. Kuna imani ya muda mrefu, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya, kwamba mwenye mzio wa samaki hafai kupewa dawa hii kwa sababu vyote vina aiodini. Si kweli. Anayevimba midomo kwa kula samaki huitikia protini iliyo kwenye nyama ya samaki. Anayedhurika na kamba huitikia protini nyingine ya kamba. Aiodini ndiyo madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya kila jikoni, na bila hayo tezi ya shingo haifanyi kazi. Mwili hauna mzio nayo.

Mwenye pumu au mzio mkali wa kitu chochote, kiwe samaki, karanga au dawa, ana uwezekano ulioongezeka kidogo, na aseme. Kubwa zaidi ni kama aliwahi kupata shida na dawa hiyo hiyo ya picha. Mwenye rovu au tezi inayofanya kazi kupita kiasi aseme pia, kwa kuwa aiodini nyingi kwa mkupuo inaweza kuichochea. Mwenye ugonjwa wa figo apimwe krietinini kwanza, na kama anatumia metformini kwa ajili ya kisukari, daktari anaweza kumwambia aisimamishe kwa siku 2. Mjamzito na anayedhani ni mjamzito waseme kabla ya kuingia chumbani.

Baada ya picha kanula haiondolewi papo hapo. Huachwa dakika 15 hadi 30, kwa kuwa mzio mkali mwingi hujitokeza ndani ya muda huo, na mshipa ulio wazi tayari ndio njia ya haraka ya kupitisha dripu na dawa. Ukiambiwa kaa kwenye benchi usubiri, kaa. Kisha kunywa maji ya kutosha, kama daktari hajakuzuia kwa sababu ya moyo au figo. Sehemu kubwa ya dawa itatoka kwenye mkojo ndani ya siku moja, ikipitia zile figo ambazo Homer Smith alipima damu inayopita ndani yake.